Kibao cha Rangi ya Chungwa Kwenye Theluji: Maswali Yenu ya Usalama Njiani

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini zote, na mbili zimetoka nyumba moja, dada mtu kaandika na mjomba mtu kaongezea yake kwenye meseji hiyohiyo. Ya tatu ni ya kijana wa bodaboda. Nimeziweka pamoja, mkisoma mtaona kwanini.

SWALI

Shikamoo mwalimu. Naishi Ngamiani, Barabara ya 12. Mdogo wangu wa kiume yuko Marekani jimbo la Minnesota, huu mwaka wa pili, anasoma na kufanya kazi. Kabla hajaondoka alikuwa dereva boda, kijiwe chake Kange stendi, miaka minne hajawahi kuanguka anguko la maana. Sasa wenzie wa kazini wamemwalika Jumamosi ya wiki ijayo wakaendeshe zile pikipiki za theluji, chini zina mkanda kama trekta la minyororo na mbele kama ndara mbili ndefu za kutelezea. Kanitumia vois noti anacheka, anasema dada huku porini hamna gari hamna trafiki hamna matuta, ni kufungua tu. Kanitumia na picha ya nguzo kwenye theluji ina kibao kidogo cha rangi ya chungwa, umbo la kashata, hakina maandishi wala mchoro. Nikamuuliza hicho cha nini akajibu sijui, pambo labda. Mama tangu asikie hiyo vois noti halali, na anataka nimpelekee mdogo wangu helmeti yake ya boda kwa mtu anayesafiri. Mwalimu hicho kibao ni cha nini, na mtu aliyezoea boda anahitaji kufundishwa tena kweli?

Dada mtu, Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu mwambie kukosa usingizi kwake kuna maana, ila kijana akisikia haya yote kabla ya Jumamosi tutalala sote.

Hicho kibao sio pambo. Kile cha chungwa kitupu kinasema neno moja tu, upo njiani. Kwetu neno hilo halina kazi sababu barabara unaiona, hata ya vumbi ina mikwaruzo ya matairi na majani pembeni. Theluji ikianguka usiku mmoja asubuhi kila kitu cheupe, njia nyeupe, shamba jeupe, mtaro mweupe, ziwa jeupe, na ule uzio wa waya wa mwenye shamba umezama nusu na nusu iliyobaki huioni mpaka ikukute kifuani. Kwahiyo unatoka kibao hadi kibao. Ukiona umekwenda mwendo mrefu hamna chungwa jua umeshatoka njiani, punguza, geuza, rudi kwa alama yako mwenyewe mpaka ulipokiona cha mwisho. Usikate shamba kutafuta njia ya mkato. Na sio hatari peke yake, njia nyingi kule zinapita kwenye ardhi ya watu, wenye ardhi wameruhusu wapite hapo na sio pengine, akiona mashamba yake yamechezewa anafunga njia na wote wanakosa. Minnesota ina zaidi ya maili 22,000 za njia hizo, kama kilomita 35,000, na sehemu kubwa sana inatunzwa na vilabu vya watu wanaojitolea, wao ndo wanaotoka na nyundo kupigilia hivyo vibao. Mtu kaacha kazi zake akaja kukuwekea kile kibao, halafu wewe unakiita pambo!

Sasa rangi nyingine. Umbo la kashata likiwa la njano ni onyo, kona, daraja jembamba, barabara ya magari iko mbele, au kwamba kibao cha kusimama kinakuja. Hii amwambie vizuri maana sisi onyo letu ni pembetatu yenye ukingo mwekundu, macho yake yamezoea hiyo, ya njano yanaweza kuipita kama tangazo la soda. Nyekundu yenye pembe nane ni ileile ya huku, simama. Na kusimama maana yake chombo kitulie kabisa, sio ile ya vijana wetu ya kupunguza kidogo unachungulia huku mguu ushashuka. Njia ya theluji inapokutana na barabara ya magari mwenye haki ni gari, na sheria ya Minnesota inataka usimame kwanza kisha uvuke moja kwa moja kama mtu anayevuka mto, sio kimshazari. Pembeni mwa barabara theluji iliyosukumwa na magreda inapanda kama kichuguu, ukiwa umekaa huoni gari linalokuja, kwahiyo watu wanainuka juu ya chombo wanaangalia huku na huku halafu ndo wanaondoka.

Kuhusu kufundishwa tena, hapa ndo nataka nikae kidogo maana hapa ndo roho yangu ilipo. Mdogo wako miaka minne ya boda sio kitu kidogo, balansi anayo, macho anayo. Lakini mikono yake imejifunza vitu viwili ambavyo kule vitamgeuka.

Cha kwanza ni upande. Sisi tunakaa kushoto, wao kulia. Akiwa ametulia atakumbuka, lakini njia zile nyembamba zina vilima, unapanda huoni ng'ambo, mara mwenzio kachomoza, hapo hakuna kufikiri, mwili unakimbilia upande ulioulea. Na yeye mwili wake utakimbilia kushoto, kule anakokuja mwenzie. Mwambie kila akipanda kilima apunguze mapema na abane kulia kabisa mpaka ajue nini kiko upande wa pili.

Cha pili ni ngumi ya kulia. Kwenye boda ukishtuka unakamata breki kwa mkono wa kulia, si ndivyo? Pikipiki ya theluji eksileta haizungushwi, ni kidude cha kubonyeza kwa dole gumba la mkono wa kulia, na breki ni mkono wa kushoto. Sasa mchukue mtu wa boda umshtue, akunje ngumi ya kulia kwa nguvu zake zote. Dole gumba linakwenda wapi? Linabonyeza moto, yani eksileta. Anataka kusimama chombo kinaruka mbele. Dawa yake ipo na ni rahisi, ile Jumamosi kabla ya kuingia njiani akae uwanja wa wazi nusu saa, aende polepole, aachie dole gumba, abane kushoto, aachie abane, aachie abane, mara hamsini, mpaka mkono usahau Kange. Na ile kamba fupi ya usalama inayofungwa kwenye koti aifunge bila kuona haya, ukidondoka inachomoka na injini inazima palepale, bila hiyo chombo kinaweza kuendelea kwenda peke yake.

Halafu usiku. Kule wakati wa baridi jua linazama mapema, saa kumi na moja jioni giza, na watu wanaendelea kuendesha. Naomba nikupe kisa changu. Zamani nilikuwa na pikipiki ndogo, taa yake ya kizee, natoka Pangani narudi Tanga baada ya isha, barabara ile ilikuwa bado ya vumbi. Nimeingia sehemu za mashamba ya mkonge, sikuwa na mwendo wa ajabu, hata sitini sikufika. Mbele giza tu. Mara giza likawa na umbo. Trela la trekta limeegeshwa nusu barabara, limejaa mkonge uliofungwa mafungu, hamna taa hamna hata kipande cha rifleksta. Nikabana breki zote mbili, tairi la nyuma likahama, nikasimama ncha ya jani moja la mkonge imegusa kioo cha helmeti yangu hapa usawa wa jicho. Nikawa nasikia injini yangu tu na moyo. Ule mwiba wa ncha ya mkonge kama umeuona unajua nasema nini.

Tangu siku hiyo nafundisha kwa hesabu. Taa ya chombo kama kile inamulika kama mita 60 hivi mbele. Ukiwa na kilomita 80 kwa saa, ambayo ndo spidi ya mwisho inayoruhusiwa Minnesota kwa pikipiki ya theluji, maili 50 kwa hesabu yao, unakata mita 22 kila sekunde. Toka jicho lione mpaka mkono ubane, chukua sekunde moja na nusu, ushakula mita 33, karibu mabasi matatu yamepanga mstari, na breki haijaanza kufanya kazi. Zilizobaki 27 usimame juu ya kitu kinachoteleza! Kibao kinaweza kuwa pale, kipya, kinang'aa, na kisikusaidie kitu, maana umekiona ukiwa tayari umeshafika. Vibao vyote vya dunia vimewekwa kwa mtu anayekwenda mwendo wa kuweza kuvitii. Usiku ashushe mwendo mpaka aweze kusimama ndani ya mwanga wake mwenyewe, na asisahau kuna mashine kubwa ya kusawazisha njia inapita usiku polepole, imejaa njia nzima, ina taa za kuwakawaka, akiiona asogee pembeni aipishe.

Leseni. Pale Minnesota mkazi yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976 anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa pikipiki ya theluji ndo aendeshe, na mdogo wako naamini kazaliwa juzi tu. Mafunzo yanasimamiwa na Idara ya Maliasili ya jimbo, kwa mtu mzima mengine yanafanyika kwenye intaneti. Kwahiyo wiki hii afanye, na kama haitawahi basi Jumamosi apige picha tu, theluji haiishi. Na pombe asiguse. Njia nyingi zinapita kwenye baa na wenzie watasimama, wale wanaokufa kwenye hivi vyombo pombe inatajwa mara nyingi mno, na sheria inambana mlevi wa theluji kama inavyombana wa gari.

Wakienda kwa msururu wanaongea kwa mkono wa kushoto maana wa kulia umeshika moto. Mkono ukinyooka juu ni simama, ukinyooka pembeni nakata kushoto, ukikunjwa kiwiko na kiganja juu nakata kulia. Wa mwisho kwenye msururu anapokutana na watu ananyanyua ngumi, maana yake nyuma yangu hamna mtu. Ajue hilo, maana anaweza kujikuta yeye ndo wa mwisho.

Helmeti ya boda mama aiache nyumbani. Ile ya kule inakuwa na kizuizi cha pumzi na kioo cha mara mbili, ya kwetu kwa baridi ile pumzi yako inaganda kwenye kioo dakika mbili huoni kitu. Aazime ya wenyeji, inayombana sawasawa kichwani. Mama akitaka kutuma kitu atume kahawa.

SWALI

Mwalimu salaam. Mimi ndo mjomba wa huyo kijana, mvuvi, nashushia samaki pale Deep Sea. Video aliyotuma nimeangalia mara tatu. Wanapita juu ya ziwa na hayo mapikipiki, maji yameganda. Miaka arobaini niko juu ya maji na sijawahi kuyaamini hata siku moja. Nauliza wao wanajuaje kama yatawabeba? Kuna kibao kinawaambia?

Mjomba mtu

JIBU

Mzee mwenzangu, umeuliza swali ambalo vijana huwa hawaulizi. Hamna kibao. Kwenye ukingo wa ziwa njia inaweza kuwekewa alama uingilie hapa utokee pale, lakini hakuna alama inayoweza kuahidi unene wa barafu, sababu leo sio jana na hapa sio hatua ishirini mbele. Inabidi upime mwenyewe, wanatoboa tundu wanashusha kipimo, wanasogea wanatoboa tena.

Kipimo chenyewe kile wanachokitoa wale wa Maliasili Minnesota ni hiki. Barafu mpya, ngumu, inayopitisha mwanga kama kioo, mtu wa miguu inchi 4, pikipiki ya theluji inchi 5 hadi 7, yani sentimita 13 mpaka 18, gari dogo inchi 9 mpaka 10. Ikiwa barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, nguvu yake kama nusu tu, kwahiyo unataka unene mara mbili. Na mwisho wa yote wenyewe wanakwambia hakuna barafu salama kwa asilimia mia.

Wewe mkondo unaujua. Unajua pale mlangoni maji ya kutoka yanavyovuta siku za bamvua hata juu kukiwa kumetulia kama sinia. Basi barafu nayo inaliwa na mkondo kwa chini, pale mto unapoingia ziwani, chini ya madaraja, kwenye chemchemi, juu kote kweupe sawasawa lakini chini pembamba. Na theluji ikilala juu ya barafu inakuwa kama blanketi, baridi haishuki vizuri, kwahiyo mahali penye theluji nyingi ndo pengine barafu haijakaza. Macho yanadanganya, ndo maana wanatoboa.

Mwambie mpwa wako kama ni safari yake ya kwanza asiingie ziwani, njia za msituni zinatosha. Wakimlazimisha, avae jaketi la kuelea na shingoni aning'inize zile pini mbili za kuchomea barafu. Ikivunjika, ageukie kule alikotoka maana barafu ya kule ilimbeba, achome pini, apige miguu kama anaogelea, kifua kikipanda juu abingirike mbali na shimo, asisimame. Na nguo asivue, nguo za baridi zinashika hewa zinamsaidia kuelea kwa muda. Wewe ulishawahi kumuingiza mtu kwenye ngalawa toka majini, unajua mtu anayetaka kusimama ndo anayerudi chini.

SWALI

Mwalimu mambo vipi, shikamoo. Niko Pongwe naendesha boda, siku nyingine napeleka abiria mpaka Pangani. Kuna kona moja kali ilikuwa na kibao, kimeng'olewa, tunadhani kimeuzwa vyuma chakavu. Mwezi uliopita mwenzetu mgeni wa ile njia kaingia mkongeni usiku, mguu umevunjika mara mbili. Kibao hakipo sisi tufanye nini?

Dereva boda, Pongwe

JIBU

Marahaba mwanangu, na huyo mwenzenu Mungu amponye, mkamchangieni maana mguu uliovunjika hauleti hela.

Kwanza soma jibu la juu kabisa, zile hesabu za taa. Ukiwa na 60 unakata karibu mita 17 kila sekunde, sekunde moja na nusu ni mita 25 kabla breki haijashika, na taa nyingi za boda ninazoziona hapa mjini zimeinamishwa au kioo kimejaa tope, hazimuliki hata mita 30. Futa kioo cha taa kila ukijaza mafuta. Nyanyua taa mpaka imulike mbele, sio tairi lako. Ukiijua kona, mpe pia mwenzio asiyeijua, kule kijiweni mgeni akipata abiria wa njia hiyo mumwambie kona iko baada ya nini.

Pili, wale wa Minnesota wanaopigilia vibao vya chungwa hawalipwi, ni watumiaji wa njia wenyewe. Simaanishi mkatengeneze alama za barabarani za kwenu, hiyo hairuhusiwi na mnaweza kumchanganya dereva. Lakini taarifa mnaweza kuipeleka na hakuna wa kuipeleka zaidi yenu maana nyie ndo mnapita kila siku. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, za mitaa na vijijini ziko TARURA, kama hamjui ni ya nani anzeni serikali ya kijiji, mwenyekiti anajua mlango. Barua iandikwe na kijiwe kizima, itajwe sehemu yenyewe, toka alama gani hadi gani, na siku mwenzenu alipoumia. Nakala muache polisi usalama barabarani.

Na mnunuzi wa vyuma chakavu aliye jirani yenu mkamuone kwa heshima, mmwambie kibao kikiletwa asipokee, mwambieni na mguu wa mwenzenu ulivyokuwa. Watu wengine hawajui kile kipande cha bati kilikuwa kinamzuia nani asife.

Barua mkiipeleka muambatanishe picha mbili za hiyo kona, simamieni palepale pamoja, moja ya mchana na nyingine usiku mkiwa mmewasha taa ya pikipiki. Ile ya usiku muiweke juu.